Taja jina la kampuni, usivae sare yake!

Wajameni, kuna vijana wanalala njaa kwa kuogopa majina tu! Mmojawapo ni binamu yangu, fundi pikipiki wa hapa Kilimatinde. Dogo mikono yake ni dhahabu. Alitengenezewa tovuti na mshikaji wake, akaandika: "Fundi wa Boxer na TVS, spea zipo." Simu zikaanza kulia, kuanzia Solya hadi Manyoni mjini.

Akatokea mjuaji mmoja wa kijiweni: "Oyaa, majina hayo yana wenyewe, utafungwa!" Dogo akafuta yote, akaweka "pikipiki za aina mbalimbali". Simu kimya! Sasa mtu mwenye Boxer iliyokufa klachi atakupataje?

"Kaka, si bora amani?" akaniuliza.

Amani gani ya tumbo tupu?

Ni kweli majina yana wenyewe. Huku Bara tuna Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986, na usajili unafanyika BRELA. Lakini kusajili jina siyo kulifungia kabatini watu wasilitamke. Kinacholeta soo ni kumchanganya mteja, adhani wewe ndiye kampuni au wakala wake. (Mbona tunapanda "bajaji" ya TVS kila siku na hakuna anayeshtuka? Bajaj ni kampuni ya India, tena ndiyo yenye hiyo Boxer!)

Marekani liliamuliwa zamani. Fundi mmoja wa California, Church, alikuwa akitangaza kwamba anatengeneza Volkswagen. Kampuni ikamburuza mahakamani na mwaka 1969 ikabwagwa. Majaji walisema, atajielezaje bila kutaja gari analotengeneza? Ila Church alikuwa mjanja. Aliandika wazi kwamba anajitegemea, na hakutumia ile nembo ya VW ndani ya duara wala maandishi ya kampuni.

Kwa wenye tovuti kuna kesi ya kimwana Terri Welles, mrembo wa mwaka 1981 wa jarida la Playboy. Alijitambulisha kwa cheo hicho kwenye tovuti yake, wakamshitaki. Mwaka 2002 mahakama ikasema ruksa, cheo ni chake kweli. Lakini kukirudiarudia kifupi cha cheo hicho kama pambo nyuma ya kurasa, majaji hawakukubali kwamba huko ni kutaja tu.

Najua hukumu ya California haimfungi hakimu wa Singida. Basi tuje jirani. Kenya, Sheria ya Alama za Biashara, Sura ya 506, inakubali utaje alama ya mwenzio pale inapobidi ili mteja ajue spea yako inaingia kwenye mtambo gani.

Dogo amerudisha majina, kwa herufi za kawaida, na chini ameandika: "Najitegemea, si wakala wa kampuni yoyote." Nembo nimemkatalia katakata, ingawa ananuna eti inapendeza.

Ila wale wanaouza spea za kufoji ndani ya boksi lenye chapa ya kampuni wasijifiche humu. Huko siyo kutaja jina, ni bidhaa bandia, na Tume ya Ushindani ikizikamata inaweza kuziteketeza.