Wazee wa Thebes na Ngoma ya Muheme

Mwaka ule Dodoma ilikuwa inakula Yanga. Ndivyo watu walivyouita unga wa mahindi ya njano ulioletwa kutoka nje baada ya ukame wa katikati ya miaka ya 1970, kwa ajili ya rangi ya ile klabu ya mpira. Mtama na uwele vilikuwa vimekaukia mashambani, na wanafunzi walitoka likizo wamekonda kuliko walivyokwenda. Naitaja njaa mapema kwa kuwa bila hiyo nisingekuwa na la kusimulia juu ya michezo niliyoitwa kuiamua.

Nilikuwa mwalimu wa Kiswahili, mtoto wa Tanga niliyepangiwa kazi bara. Shule kadhaa za sekondari zilikubaliana kwamba kila moja ilete onyesho la dakika 20 kutoka katika tamthilia kubwa za kale, kwa Kiswahili. Vitabu vilikuwapo. Mwalimu Nyerere alikuwa ametoa tafsiri yake ya Julius Caesar mwaka 1963, akaipitia upya na kuitoa tena 1969, mwaka uleule wa Mabepari wa Venisi. S. S. Mushi alikuwa ametupa Makbeth, kisha Tufani, na mwaka 1971 akamleta Sophocles katika Mfalme Edipode. Sisi tulimkariri Shakespeare kwa Kiingereza tukiogopa fimbo. Wanafunzi hawa walimpata kwa lugha ileile waliyogombania nayo zamu ya bombani, na mimi niliona hilo ni jambo kubwa sana. Bado naliona hivyo.

Waamuzi tulikuwa watatu. Mmoja alikuwa mwalimu wa fasihi ya Kiingereza, msomi wa Makerere, mtu makini asiyependa mzaha na kitabu. Wa tatu alikuwa mzee wa Kigogo aliyekaa mahakamani miaka mingi kama mzee wa baraza. Waandaaji walisema aliyezoea kusikiliza mashahidi hatashindwa kuwasikiliza waigizaji. Tulipewa karatasi za alama: matamshi 30, kukariri 30, mavazi 20, kufuata matini 20.

Maonyesho mengi sina haja ya kuyaeleza. Makbeth tulimwona mara mbili, na mara zote mbili wachawi ndio walioshangiliwa. Wavulana wa shule moja walileta hotuba ya Antonio mbele ya maiti ya Kaizari, nao walikuwa wazuri kwelikweli. Walijifunga mashuka ya bweni begani, na kijana aliyekuwa Antonio aliteremka jukwaani akapita katikati ya mabenchi, akitusemesha sisi kana kwamba ndio raia wa Roma. Hakukosea hata neno moja.

Kisha wakaja wasichana na Edipode.

Tamthilia ile inaanza na mji uliolaaniwa. Mazao yanakauka, mifugo inakufa, wanawake wanazaa watoto wafu, na watu wamekaa mlangoni kwa mfalme wakiwa na matawi ya kuombea. Baadaye wanaingia wazee wa Thebes, korasi, wakiiomba miungu iondoe balaa. Nilitazamia wale mabinti wasimame mstari mmoja na kutamka beti zao kwa pamoja, kama ngonjera. Badala yake tulisikia ngoma nje ya bwalo. Wakaingia wamevaa nguo za kiume, fimbo mkononi, na nyuma yao wenzao wamebana ngoma za muheme katikati ya magoti, wakizipiga kwa viganja vitupu. Maneno ya Mushi waliyasema yote. Ila kila ubeti ulipokwisha walicheza kuuelekea mlango wa magharibi na kutupa mikono kama wanaofukuza kitu.

Wanawake wa jikoni, waliokuwa wamesimama nyuma wakitazama, wakapiga vigelegele, kisha wakaanza kuitikia. Mimi sikuelewa. Mzee aliyekuwa pembeni yangu aliweka kalamu chini.

Tulipokwenda kujumlisha, msomi wetu alisema kwa upole kwamba wasichana hawawezi kupewa alama za kufuata matini. "Ndugu zangu," alisema, "hayo ya ngoma Sophocles hakuyaandika." Nikamjibu kwamba korasi ya Wagiriki haikusimama kama walinzi, iliimba na kucheza, tulichokuwa nacho kitabuni ni maneno tu, na hatua zao zilipotea. Akakubali, lakini akauliza ni kwa nini basi hatua zijazwe na za Ugogo.

Hapo mzee akaomba nafasi. Alitueleza kwamba zamani mtemi ndiye aliyeshika mawe ya mvua, na mvua isiponyesha watu walimwendea yeye. Nchi ikichafuka, ng'ombe wakafa au mvua ikakatika, wanawake ndio waliovaa nguo za waume zao, wakashika silaha na fimbo, wakaucheza uchafu ule mpaka mpakani upande wa magharibi wakautupa. Aliyaona mwenyewe akiwa mtoto, wakati wa Mtunya, njaa kuu iliyoanza 1917, majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalipokwisha kuchukua ng'ombe, nafaka na wapagazi, mvua nayo ikagoma. "Mwalimu," alimwambia mwenzetu, "hawa watoto wamesoma kitabu hicho kuliko sisi."

Kura mbili dhidi ya moja zingetosha, lakini kanuni zilitaka jumla ya alama, na jumla ilimpa Antonio ushindi. Wasichana wakawa wa pili.

Miaka mingi baadaye nilisoma jinsi Athene ilivyoamua mashindano yake. Waamuzi walikuwa 10, mmoja kutoka kila kabila la mji; kura zao zilitiwa chunguni, zikachotwa 5 tu, nyingine zikaachwa bila kuhesabiwa. Mapokeo ya kale yanasema Sophocles alipopeleka Edipode alishindwa na Philocles, mpwa wa Aeschylus, ambaye tamthilia zake hatunazo leo.

Jioni ile ya mashindano yetu nilimtafuta binti aliyeigiza Edipode. Kabla ya kuwajibu watu waliokaa mlangoni, alikuwa amenyamaza kwa muda mrefu hata nikadhani amesahau maneno, na kwenye kukariri nilikuwa karibu kumpunguzia. Aliniambia hakusahau. "Shikamoo, mwalimu," alianza, ndipo akaeleza: mtu anayeulizwa habari ya mvua, na hana, atajibuje upesi?

Mwenzetu wa Makerere nilikutana naye tena Morogoro, sote tumestaafu. Tulibishana upya, kahawa ikapoa. Anashikilia kwamba alama za matini ni za matini, na kwamba wavulana wale hawakupendelewa. Hawakupendelewa, hilo nakubali. Mimi karatasi ile ningeipanga upya, korasi ipewe alama zake yenyewe, angalau 40, na wasichana wale ningewapa nafasi ya kwanza.