Mtoto anapotoka chuo na msimamo wake

Likizo ya chuo ina vituko vyake. Kijana aliyeondoka akiitikia "ndiyo baba" na "ndiyo mama" kwa kila jambo anarudi akiuliza maswali. Mahari ni ya nini? Kwa nini dada aoshe vyombo wakati kaka anatazama mpira? Kwa nini nyumba nzima ipigie kura chama kimoja? Wazazi wanatazamana. Mmoja anasema, "Tumempeleka akasome, sasa anatufundisha sisi!" Mazungumzo yanaishia hapo.

Hasira hiyo inaeleweka. Hakuna mzazi aliyeuza ng'ombe au kukopa kwenye kikoba ili aje kubishiwa sebuleni kwake. Lakini kuuliza na kupinga kwa hoja ni sehemu ya elimu aliyoilipia, na ubishi wa wanafunzi haukuanza na kizazi hiki cha simu.

Oktoba 1966, wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu kupinga sheria ya kuwalazimisha wahitimu kwenda Jeshi la Kujenga Taifa na kukatwa asilimia 60 ya mshahara. Walihoji kwa nini wao wakatwe ilhali wakubwa wanalipwa vinono. Bango moja lilidai kwamba ukoloni ulikuwa afadhali. Mwalimu Nyerere alikasirika, akawafukuza karibu 400. Hata hivyo, swali la mishahara alilisikia: alitangaza kupunguza wake kwa asilimia 20. Mwaka uliofuata wengi waliruhusiwa kurudi masomoni.

Hoja hazikuisha. Wanafunzi walianzisha jarida la Cheche, ambamo kijana Issa Shivji alichambua ujamaa wa Tanzania bila kupaka mafuta. Jarida hilo lilipigwa marufuku mwaka 1970. Mwaka huohuo, Ali Mazrui wa Mombasa, aliyekuwa akifundisha Makerere, alifanya mdahalo wa hadhara Kampala na Walter Rodney, mhadhiri wa Dar es Salaam aliyetoka Guyana. Rodney alikuwa mjamaa wa kweli, Mazrui hakuwa. Kila mmoja alisimama na hoja zake mbele ya watu, na aliyesikiliza alibaki na kazi ya kupima mwenyewe.

Historia hiyo inaonyesha pia kwamba hofu ya mzazi si ya bure. Mtoto anaweza kufukuzwa kwa kauli moja, na jasho la miaka likapotea. Ndiyo maana nyumbani ni mahali pazuri pa kujifunzia: atakosea mbele ya watu wanaompenda kabla hajakosea mbele ya umati.

Kuna jambo jingine, nalo linagusa afya. Mtoto aliyezoea kunyamazishwa akizungumzia siasa au dini hujifunza kwamba nyumbani huletwa habari za kufurahisha tu. Siku akidisko, akikosa usingizi kwa wiki nzima, akipata ujauzito au akiona maisha hayana maana, ataanzia wapi? Atamwambia mwenzake wa hosteli, ambaye naye hajui la kufanya. Mzazi atapata habari baadaye, pengine kwa kupigiwa simu kutoka hospitali.

Kusikiliza si kukubali. Mzazi anaweza kusema, "Mimi sikubaliani nawe, lakini nieleze umefikaje hapo." Amwulize amesoma wapi, na upande wa pili unasemaje. Kijana mwenye hoja ataieleza. Aliyeokota maneno mtandaoni atagundua mwenyewe kwamba hana pa kusimamia, bila kutukanwa.

Mipaka ibaki. Shikamoo ni shikamoo, matusi hayaruhusiwi, na anayepinga zamu za vyombo aanze kwa kuviosha. Kijana naye asidhani kwamba mama ambaye hakufika chuo hana fikra. Mama huyo huenda amelea watoto watano kwa genge la nyanya, na anajua mambo ya uchumi ambayo hayajafundishwa darasani.

Likizo ijayo, mzazi ajaribu hivi: swali gumu likija wakati wa chakula, asiongeze sauti ya televisheni. Aizime, amwache mtoto amalize sentensi yake, kisha naye aseme yake.