Kabla ya Msimu wa Wageni

Neno safari ni letu, nalo ni neno la watu wote. Mama aendaye Korogwe kuuza ndizi zake yu safarini. Mgonjwa apelekwaye hospitali yu safarini. Na marehemu naye twasema amekwenda safari yake ya mwisho. Wazungu walipolichukua neno hilo katika enzi ya ukoloni walilipunguza. Kwao lilibaki na maana moja tu, ya kwenda porini na wapagazi kuwinda, na baadaye, bunduki zilipowekwa chini, kwenda na kamera kutazama wanyama. Ajabu ni kwamba maana hiyo iliyopunguzwa imeturudia wenyewe. Mwaka huu tulipowatangazia wanafunzi wetu wa kidato cha tatu kwamba shule inakusudia kufanya safari ya kutazama wanyama wa porini, mmoja wao alisimama akauliza, kwa adabu kabisa, kama wananchi wanaruhusiwa kuingia huko au ni mahali pa watalii peke yao.

Swali hilo lilitukaa moyoni. Sisi tuandikao haya ni walimu wa Magoma, na Magoma haiko mbali na wanyama. Ipo katika wilaya ya Korogwe, ndani ya bonde la mto Lwengera litenganishalo Usambara Mashariki na Usambara Magharibi, nchi ya mkonge, mahindi na machungwa. Ng'ambo ya milima iliyo kaskazini yetu ndipo ianzapo nyika ya Mkomazi. Mtu akisimama Mtae, huko Lushoto, ukingoni kabisa mwa milima, ataiona nyika hiyo chini ya miguu yake, imetandazwa hadi nchi ya Kenya. Mto Umba, uzaliwao katika misitu ya Lushoto, huteremka upande huohuo kabla ya kuvuka mpaka na kuingia baharini. Washambaa tangu kale waliigawa dunia yao sehemu mbili: Shambaai, yaani milimani penye mvua na migomba, na nyika, yaani chini penye joto, miiba, homa na wanyama. Aliyetoka moja kwenda nyingine alijiona amebadili nchi, lakini hapana aliyejiona mgeni wa kulipa.

Tena yafaa tukumbuke kwamba historia ya dola ya Usambara huanza kwa mwindaji. Mbegha, kama asimuliavyo Abdallah bin Hemedi katika Habari za Wakilindi, alitoka Nguu na mbwa zake, akawinda nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba ya watu, akawagawia wenyeji nyama, nao wakampa vyakula vya shamba. Aliua simba, na watawala waliomfuata Vuga wakaitwa Simba Mwene. Sisi hatuwafundishi wanafunzi wawe wawindaji. Twataka waone tu kwamba ujuzi wa wanyama, wa nyakati zao na mapito yao, ulikuwa sehemu ya elimu ya mtu aliyestahili kuheshimiwa katika nchi hii. Leo kijana wa Magoma anaweza kutaja Serengeti, ambayo ni hifadhi ya taifa tangu 1951, kwa kuwa imo katika mtihani, asiweze kupambanua nyayo za kuro na za tandala.

Basi tuliunda kamati ya walimu watano, na shauri la kwanza lilikuwa wakati. Likizo yetu huangukia Juni, masika yakiisha. Msimu mkuu wa watalii huanza hapohapo, ukapanda Julai na Agosti, ukaendelea hadi Oktoba. Mwenzetu mmoja alitaka tungoje: twende Septemba, nyasi zimekauka, wanyama wamekusanyika kwenye maji, kila kitu kinaonekana. Hoja yake ni ya kweli kwa sehemu nyingi za nchi. Mapema Juni nyasi zingali ndefu, madimbwi yametapakaa kila mahali, na mnyama hana sababu ya kuja pale penye gari lako.

Lakini mwalimu wa jiografia alitutaka tuutazame msimu huo kwa makini zaidi. Ni nani aliyeupanga? Sehemu moja imepangwa na mvua, maana ukame hukausha barabara na kupunguza majani. Sehemu ya pili imepangwa na shule za Ulaya na Marekani, kwa sababu ndipo zifungapo kwa likizo ndefu, na baba na mama wakapata nafasi ya kuwachukua watoto wao. Hoteli za kaskazini hupandisha bei kwa kalenda ya watoto wa Ulaya, nasi huko Magoma tukaiita kalenda hiyo desturi ya wanyama.

Na Mkomazi yenyewe haifuati desturi hiyo. Nyika yake ni moja na ile ya Tsavo Magharibi iliyo ng'ambo ya mpaka, na tembo wake wengi ni wasafiri. Wakati wa mvua huvuka kutoka Kenya kuja kula majani mabichi upande wetu. Madimbwi yakikauka hurejea Tsavo, yalipo maji ya kudumu. Mgeni ajaye katika kilele cha msimu wake, kamera mkononi, huenda akakuta tembo wamekwisha kuondoka. Hii ndiyo hoja iliyotushinda wote. Twende mapema Juni, kabla ya wageni na kabla ya tembo kuondoka, nasi tukubali kwamba simba huenda asionekane katika majani marefu. Hata hivyo swala twiga, ambaye husimama kwa miguu miwili ya nyuma akale majani ya juu, hana haja ya kungoja ukame, wala choroa, wala twiga mwenyewe.

Lilikuwapo shauri jingine ambalo tulilijadili kwa muda mfupi, ingawa lilistahili zaidi. Mwalimu wa biolojia aliuliza kwa nini tupande basi saa nyingi kutafuta wanyama wakubwa, ilhali juu ya vichwa vyetu ipo misitu ya Usambara, yenye vinyonga, ndege na mimea isiyopatikana pengine popote duniani. Alitukumbusha Amani, iliyo ng'ambo ya mashariki, ambako Wajerumani walianzisha chuo cha utafiti wa kilimo mwaka 1902, na ambako msitu umehifadhiwa rasmi kama hifadhi ya mazingira asilia tangu 1997. Akatukumbusha pia ua dogo la zambarau ambalo Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa Tanga, alilipeleka kwao mwaka 1892, nalo sasa hukuzwa katika vyungu madirishani Ulaya na Amerika. Wanafunzi wetu wengi hawajaliona, nalo ni la milima hii! Tulikubaliana kwamba kabla ya Juni kila mkondo utapanda msituni kwa miguu siku moja, kwa idhini ya ofisi ya misitu. Hilo halina gharama ila jasho.

Fedha zilitutesa kwa namna nyingine. Mwananchi hulipa kiingilio kwa shilingi, nacho ni kidogo sana kikilinganishwa na cha mgeni wa nje alipaye kwa dola. Wala malipo hayafanywi tena kwa fedha taslimu langoni, bali hupitishwa benki au kwa simu. Kilicho kizito ni basi. Basi la kukodi huchukua watu wasiozidi 50, na wanafunzi wa kidato cha tatu ni 83. Njia nyepesi ilikuwa kusema kila atakayetoa mchango kamili aende. Tuliikataa. Mwaka 1970 ulizuka nchini mjadala mkali kama utalii unapatana na ujamaa, na maandishi yake yalikusanywa katika kitabu kilichohaririwa na Issa Shivji na kutolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1973. Wakati ule watu walibishana juu ya mgeni: atatuletea nini, atatuharibia nini. Methali yetu husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini swali la mwanafunzi wetu lilihusu mwenyeji, na kama mwenyeji naye angechaguliwa kwa uzito wa mfuko, tungekuwa tumemjibu swali lake vibaya. Kwa hiyo kila mzazi atatoa awezacho, shule itauza sehemu ya mahindi ya shamba lake, na majina yatachaguliwa kwa kura. Wale 38 watakaobaki watakwenda mwakani, wakiwa kidato cha nne, hata kama mwalimu wa taaluma atanung'unika juu ya mitihani.

Tulidhani mpango umekamilika. Ndipo alipokuja shuleni mzee mmoja wa Kiparakuyo, akaaye na ng'ombe wake wachache huko chini bondeni, ambaye kijana wake yumo katika darasa hilo. Tulimwamkia, akaitikia, akakaa kimya kitambo. Kisha akasema, "Walimu, nimesikia mtampeleka mwanangu Mkomazi. Mtamwingiza kwa tiketi mahali nilipozaliwa mimi."

Hapana aliyemjibu upesi. Mkomazi ilifanywa pori la akiba mwaka 1951, na baadhi ya wafugaji wa Kiparakuyo waliokuwamo waliruhusiwa kubaki na mifugo yao. Miaka ilivyokwenda mifugo na watu waliongezeka, na wahifadhi wakalalamika kwamba majani na maji vinakwisha. Mwaka 1988 Serikali iliwaondoa wafugaji wote. Baadhi yao walikwenda mahakamani, na shauri likafika Mahakama ya Rufani, ambayo kwa hukumu yake ya mwaka 1999 haikuwarudisha. Mwaka 2008 pori likawa hifadhi ya taifa. Hayo yote yameandikwa na yanajulikana, lakini katika mpango wetu wa somo, wenye kurasa sita juu ya wanyama, hayakuwa na hata mstari mmoja.

Mzee hakuja kubishana na sheria. Aliuliza habari za faru, kama ni kweli wapo tena. Tulimweleza kwamba majangili waliwamaliza faru weusi wa Mkomazi katika miaka ile ya nyuma. Kwamba mwaka 1997 wanne waliletwa kutoka Afrika Kusini wakawekwa ndani ya uzio wenye ulinzi. Na kwamba mwaka 2009 wengine watatu walitoka katika bustani ya wanyama ya Dvůr Králové, huko Ucheki, wakarudishwa kwa ndege.

"Kwa ndege," alisema.

"Ndiyo, mzee."

"Basi ni vizuri. Faru alikuwa mwenzetu. Sisi tulihamishwa kwa miguu."

Tumeyafikiri maneno hayo mara nyingi tangu siku ile. Mwalimu Nyerere, Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya Uhuru, aliahidi mbele ya mkutano wa Arusha kwamba taifa litakalozaliwa litawatunza wanyama hawa kwa ajili ya vizazi vitakavyokuja. Wanafunzi wetu ndio vizazi hivyo, na kijana wa mzee huyu ni mmoja wao sawasawa na wenziwe. Sisi twaamini kwamba ahadi ile ilikuwa njema na kwamba Mkomazi isingekuwa na faru hata mmoja leo pasipo ulinzi. Twaamini vilevile kwamba hifadhi hufundishwa nusu ikiwa mwanafunzi ataelezwa nani aliletwa humo asielezwe nani aliondolewa. Mambo haya mawili hayaelekei kupatana upesi, na mwalimu asijilazimishe kuyapatanisha katika kipindi kimoja cha dakika 40.

Tulichoweza kufanya ni kuurekebisha mpango. Siku itabaki ileile, wiki ya kwanza ya Juni. Tutaondoka usiku, tupitie Korogwe na Mombo, milima ya Usambara na kisha ya Upare ikiwa mkono wetu wa kuume, tufike Same na lango la Zange alfajiri, kwa kuwa jua likipanda wanyama hutafuta vivuli. Kila kundi la wanafunzi wanane litapewa daftari moja, na darubini mbili za shule zitazunguka kwa zamu. Nguo nyekundu na nyeupe hazitakiwi, wala redio. Na Jumamosi itakayotangulia safari, wanafunzi wote 83, waendao na wabakio, watakusanyika kumsikiliza mzee akieleza jinsi mtu alivyojua zamani, bila kuambiwa na mtu, kwamba tembo wameanza kuondoka: ndege gani huhama, maji ya wapi hukauka kwanza, ng'ombe hukataa njia ipi.

Amekubali. Hakutaka posho, wala hakutaka tumfuate kwa pikipiki. Atakuja kwa miguu baada ya kukamua. Ila alipoingia ofisini na kuiona ramani kubwa ya Tanzania tuliyoitundika ukutani, aliitazama kwa muda, akatuomba siku hiyo tuishushe tuitandike chini uwanjani, na kaskazini yake ielekezwe kaskazini, ili aweze kuizunguka.