Milango ya Gereza Kuu

Gereza kuu la Bukavu lilijengwa siku za Wabeleji kwa watu 500. Miaka hii walijazwa humo mara mbili na zaidi. Nasi tulizoea kupeleka bugali na sombe kwa kijana wa jamaa yetu, aliyeshitakiwa wizi wa ng'ombe, akingoja hukumu.

Tarehe 14 Februari 2025, vita vilipokaribia mji, wafungwa walitoka. Usiku kijana akabisha mlangoni petu. Tulifurahi mno, kisha tukamkumbuka jirani yetu, mzee mwenye ng'ombe. Naye alingoja hukumu ile ile.

Kweli, hukumu yaweza kukatwa mbali na mji: Desemba 2017 mahakama ya kijeshi ya Kivu Kusini ilihamia Kavumu, ikawafunga watu 11 maisha kwa kuwanajisi watoto wadogo. Lakini hata hukumu ile yahitaji mlango unaofungika.

Asubuhi tulimpeleka kijana kwa mzee. Mzee aliuliza kwanza kama amekula. Habari ya ng'ombe waliianza jioni, nayo haijaisha.