Kobe Aliyebandikwa Mabawa

Katika mila zetu za Pwani, mtu anayetaka kuwatisha wenziwe kwa hadithi sharti kwanza awaombe idhini. Husema, "Paukwa!" nao humjibu, "Pakawa!" Jibu hilo ni mkataba. Tangu hapo msimulizi ana haki ya kulileta zimwi lenye vichwa saba mpaka miguuni pa kitanda, na wasikilizaji wana haki ya kutetemeka huku wakijua kwamba mlango umekomewa na bibi yupo. Sisi tulilelewa katika mkataba huo. Baadaye, tulipoingia katika kazi ya ushairi, tuliona kuwa vina na mizani navyo ni namna ya kupiga hodi kabla ya kuongopa. Kwa hiyo hatuna ugomvi wowote na filamu za kutisha, hata zile za gharama ndogo kabisa ambazo dubwana lake linaonekana zipu mgongoni. Anayelipa kiingilio kwenda kuona dubwana amekwisha kujibu "Pakawa".

Ugomvi wetu ni na filamu moja, nayo imekuwa nasi kwa muda sasa, kwa sababu tutakazozieleza.

Msomaji anaijua aina yenyewe. Wazungu wachache wenye kofia ngumu wanaingia mwituni na wapagazi. Ngoma zinalia kwa mbali. Mpagazi mmoja anatoweka, kisha wa pili, na hakuna anayewauliza majina. Mwishoni dubwana linajitokeza kichakani na kumbeba mwanamke. Kutengeneza filamu ya namna hii hakuhitaji fedha nyingi. Hununuliwa, au huchukuliwa tu, picha za tembo na viboko zilizopigwa na mtu mwingine miaka ya nyuma; huunganishwa na picha za waigizaji wanaotazama pembeni na kusema, "Tembo wale!", hukodiwa vazi la manyoya, na kwa muda wa wiki chache bustani ya Los Angeles huwa ni Kongo. Maneno ya Kiswahili nayo hutumika kama chumvi. Filamu ya Martin na Osa Johnson ya mwaka 1928 iliitwa "Simba", na ile ya mwaka 1952 juu ya simba waliowala wafanyakazi wa reli Tsavo mwaka 1898 ikaitwa "Bwana Devil". Hayo tunayapita.

Filamu tunayoisema iliitwa "Ingagi". Ilitolewa Marekani mwaka 1930 na kampuni ndogo iliyojipa jina la Congo Pictures, chini ya Nat Spitzer, na mwongozaji wake alikuwa William S. Campbell. Watazamaji hawakuambiwa kuwa wanakwenda kuona hadithi. Waliambiwa kuwa ni taarifa ya kweli ya msafara wa mtaalamu mmoja Mwingereza, Sir Hubert Winstead, aliyeingia katika misitu ya Kongo ya Wabelgiji na huko akakuta kabila linalowatoa wanawake wake kwa masokwe wakubwa. Sauti ya msimulizi inasikika tangu mwanzo hadi mwisho, nzito na tulivu kama ya mhadhiri, ikieleza kila kinachopita. Hakuna "Paukwa". Kuna ramani na tarehe.

Sir Hubert Winstead hakuwahi kuzaliwa. Picha nyingi za wanyama zilikuwa zimechukuliwa kutoka filamu ya mwaka 1915 iitwayo "Heart of Africa", iliyotokana na msafara wa bibi mmoja, Grace Mackenzie, katika nchi ambayo leo ni Kenya. Mwanawe alipoziona akaenda mahakamani kudai kuwa ni mali yao iliyoibwa. Sehemu kubwa ya mengineyo ilipigwa katika bustani ya wanyama mjini Los Angeles. Wale walioitwa mbilikimo wa msituni walikuwa watoto wadogo weusi wa mji huohuo. Sokwe mkubwa alikuwa Charles Gemora, mtu mfupi, mzaliwa wa kisiwa cha Negros huko Ufilipino na fundi hodari wa kuchonga sanamu, ambaye vazi la manyoya alilishona mwenyewe na baadaye akatia sahihi hati ya kiapo kukiri kuwa ni yeye. Tena kuna mnyama mmoja ambaye msimulizi anamtangaza kuwa ni mtambaazi mpya mwenye sumu, ambaye sayansi ilikuwa haijapata kumjua. Huyo alikuwa kobe wa kawaida. Walimgundishia mabawa, magamba na mkia mrefu.

Tumemtazama kobe huyo mara nyingi. Filamu ilidhaniwa kwa miaka mingi kuwa imepotea, kumbe nakala ilikuwa imehifadhiwa; ikasafishwa na kutolewa upya kwa diski mwaka 2021, na mpwa wetu akatuletea. Kobe anatembea polepole, kama kobe wote, na mabawa yake yanayumba kidogo kila anapoinua mguu. Anaonekana ana haya, au pengine ni sisi tunaomsingizia haya kwa kuwa tunamhurumia. Hata hivyo watu walipiga foleni. "Ingagi" ilijaza majumba ya sinema katika miji mikubwa ya Marekani, na wanahistoria wa sinema husema kuwa mafanikio yake yalichangia kuishawishi kampuni ya RKO kutoa fedha kwa ajili ya "King Kong", iliyotoka mwaka 1933. Chama cha watengenezaji filamu wa Hollywood, kilichokuwa chini ya Will Hays, kilichunguza mambo kikaipinga. Mwaka 1933 Tume ya Biashara ya Serikali Kuu ya Marekani ikawaamuru wenye filamu waache kuitangaza kuwa ni ya kweli. Amri hiyo ilikuja miaka 3 baada ya watu kulipa na kurudi makwao wakiamini.

Hapa ndipo inapotubidi tueleze kwa nini jambo hili linatugusa sisi wa upande huu.

Kazi ya Serikali ilitupeleka kwa miaka kadhaa wilayani Korogwe, tukishughulika na mambo ya utamaduni. Wilaya hiyo ina mashamba ya mkonge huku chini, na huko juu milimani, katika ukungu wa Usambara, kuna chai. Huko juu pana mahali paitwapo Vugiri. Mwaka 1935, miaka 5 tu baada ya "Ingagi", walifika hapo Waingereza wawili, Notcutt na Latham, kwa fedha za Shirika la Carnegie la New York, wakaanzisha mradi wa kutengeneza filamu za elimu kwa ajili ya Waafrika. Mradi ulidumu hadi 1937, nao ukatoa filamu zipatazo 35. Zilihusu safura, kodi, kilimo, na faida ya kuweka akiba ya fedha katika posta badala ya kuifukia chini. Nyingi zimepotea. Mojawapo ya zile chache zilizosalia yahusu safura, na nyingine yahusu mashamba ya wakulima wa Kingolwira, karibu na Morogoro.

Zilikuwa filamu za gharama ndogo pia, na hatuwadharau waliozitengeneza; walipanda mlima na mitambo yao, na Waafrika wa hapo waliigiza na kusaidia kazi. Lakini chini ya mradi kama huo ilikaa imani moja iliyotawala fikra za wakoloni kwa miaka mingi: kwamba Mwafrika hawezi kupambanua hila ya sinema na ukweli wa mambo. Kwa hiyo, walisema, picha zake ziwe nyepesi, ziende polepole, na zisiwe na ujanja wa kamera. Maafisa walipenda kusimulia kisa cha mbu. Ati wanakijiji fulani walionyeshwa filamu ya malaria, wakamwona mbu amekuzwa akajaa kiwambo kizima, wakasema kwa shukrani kuwa bahati njema mbu wa kwao ni wadogo. Kisa hicho kilizunguka kutoka koloni hadi koloni, na kila msimulizi akadai kilitokea kwake.

Tuliwahi kusimama Vugiri siku ya mvua nyembamba tukiwafikiria watu hao wawili. Upande mmoja wa dunia, wakulima wanakingwa na sinema kwa kuwa ni wepesi wa kudanganyika. Upande wa pili, watu wa San Francisco, waliosoma, wenye magazeti na maktaba, wanamtazama kobe mwenye mabawa ya gundi na kuyasadiki. Na kile walichokisadiki kilikuwa ni sisi. Mbu mkubwa wa kijijini hakumdhuru mtu. Lakini yule mwanamke aliyefungwa akingojea sokwe katika msitu wa Los Angeles aliingia vichwani mwa mamilioni akiwa na jina la Afrika, na hakuna amri ya Tume iliyoweza kumtoa humo. Msomaji akitaka kuona alivyodumu, azitazame filamu za misafara ya mwituni zilizofuata kwa nusu karne.

Kuna jambo jingine dogo ambalo hutufanya tucheke kwa uchungu. Katika uongo wote ule, jina la filamu lilikuwa la kweli. "Ingagi" ni neno la Kinyarwanda, na la Kirundi pia, na maana yake ni gorila. Majirani zetu hawakulipata kwenye sinema. Walikuwa nalo tangu walipoanza kuishi chini ya milima ya Virunga, na bado wanalo. Wazungu ndio waliochelewa. Kapteni Robert von Beringe, askari wa Kijerumani katika koloni ambalo Tanganyika, Rwanda na Burundi zote zilikuwa sehemu yake, aliwapiga risasi gorila wawili katika mlima Sabyinyo tarehe 17 Oktoba, 1902. Mwaka uliofuata mnyama akapewa kwa Kilatini jina la aliyemuua. Hebu msomaji apime mwenyewe: mnyama aliyekuwa na jina la kale kuliko bunduki akaambiwa kuwa ndiyo kwanza amegunduliwa.

Na mnyama mwenyewe ni mpole kuliko alivyosingiziwa. Gorila wa mlimani hula majani, mashina na machipukizi. Dume lenye mgongo wa mvi hujipigapiga kifua ili asilazimike kupigana. Hesabu iliyotangazwa Desemba 2019 ilionyesha kuwa waliobaki duniani ni 1,063, wote wakiwa katika Rwanda, Uganda na Kongo, na walinzi wengi wa mbuga wamekufa kwa kuwalinda. Sinema inayotaka kutisha ingeweza kuanzia kwenye hesabu hiyo.

Haki inatudai tuongeze habari moja. Mwaka 1940 ilitolewa Marekani filamu iitwayo "Son of Ingagi", yaani mwana wa Ingagi. Haina uhusiano wa kweli na ile ya kwanza; walitumia jina tu ili kuvuta wateja. Mwandishi wake alikuwa Mmarekani mweusi, Spencer Williams, na waigizaji wake wote walikuwa weusi. Humo yumo daktari wa kike, amerudi kutoka Afrika na dhahabu, na amemficha nyumbani mwake mtu-nyani. Fedha ilikuwa haba mno, hata kuta za seti zinaonekana nyembamba. Lakini ni hadithi, na inajitangaza kuwa ni hadithi, na watu weusi waliomo wanaoana, wanachekeshana na kuitana majina kabla dubwana halijafika. Sisi tuliipenda. Iko karibu zaidi na filamu za mizimu zilizotengenezwa Dar es Salaam mwanzoni mwa karne hii, kama "Nsyuka" na "Shumileta" za Mussa Banzi, ambazo baadhi ya wakubwa wa ofisi zetu walizikunjia uso kwa sababu ya ubovu wa taa. Taa mbovu ni umaskini. Umaskini hauna kesi hapa.

Mwaka jana mwalimu mmoja wa historia alituomba tuzungumze na wanafunzi wake wa Kidato cha Tatu. Tulichukua diski ile, tukachagua sehemu zinazofaa mbele ya watoto, maana nyingine hazifai. Tukawaonyesha ramani, kobe, na "mbilikimo" wakipita baina ya miti. Tukawaeleza habari za Sir Hubert, za Gemora na za Tume. Kisha, ili tusiwaachie machungu matupu, tukawasimulia kwamba tangu mwaka 2005 Wanyarwanda wamekuwa wakifanya sherehe iitwayo Kwita Izina, ambayo watoto wa ingagi waliozaliwa hupewa majina hadharani, kwa ngoma, kama wanavyopewa majina watoto wa watu.

Msichana mmoja wa mstari wa mbele akasimama. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Na wale watoto wa Los Angeles, majina yao yameandikwa wapi?"

Tulimweleza kwamba filamu inayodai kuwa ni ya kweli haiwezi kuorodhesha waigizaji, kwa kuwa kuwataja ni kujifichua. Jina la Gemora lenyewe lilijulikana kwa sababu ya kiapo chake. Msichana akatafakari.

"Kwa hiyo, mzee, wale ingagi wadogo wana majina, na wale watoto hawana."

"Wanayo," mwalimu wake akasema. "Mama zao waliwapa."

Akakaa, akaandika kitu katika daftari, na hatukumwuliza ni nini. Darasa lilinyamaza kwa muda. Ndipo mvulana mmoja wa nyuma, mwenye sauti iliyokuwa ndiyo kwanza inavunjika, akaomba arudishiwe ile sehemu ya kobe. Tukairudisha. Kobe akatembea, mabawa yakayumba, na wanafunzi wakacheka hata wa darasa la pili wakaja kuchungulia madirishani.