Yatafika, Yalifika

Nilikosea kutamka neno moja. Kitenzi kilikuwa sahihi na wakati ulikuwa sahihi. Mkazo niliuweka pasipo pake.

Nilikuwa mkalimani wa mfanyabiashara wa vitunguu Masasi, na mnunuzi wake, mtu wa Nampula, Msumbiji, hakujua Kiswahili. Kwenye simu nilitaka kumwambia kwa Kireno kwamba magunia yatafika Mueda: chegarão. Mkazo wa neno hilo uko mwisho, che-ga-RÃO. Mimi nikaurudisha kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, tulikozoea kwa Kiswahili, nikasema che-GA-rão. Hapo nikawa nimetamka chegaram, yaani yalifika, maana -am isiyo na mkazo husikika sawa na -ão.

Kilichonipotosha ni kwamba maneno mengi ya Kireno hufuata njia yetu. Falo, falamos, falavam: yote mkazo uko pale pale. Nikaamini Kireno ni chepesi kwa Mswahili, na kile kialama cha wimbi juu ya ã nikakichukulia kuwa ni cha kupitisha sauti puani tu. Sikujua kwamba kwenye chegarão kinaonyesha pia penye mkazo.

Mnunuzi akapiga simu. Lori lake liko Mueda, magunia yako wapi? Nikamjibu, mbona nilisema yatafika, nikalirudia neno vile vile. Akanyamaza. Kisha akayatamka yeye yote mawili, taratibu, la kwanza akikaza GA, la pili akikaza RÃO. Nikaelewa papo hapo, na aibu ikanishika, kwa sababu jambo hilo tunalo nyumbani: barabara ya magari na barabara ya sawasawa huandikwa vilevile, mkazo ndio unaozitenganisha. Mgeni akizichanganya, mimi huwa wa kwanza kumsahihisha.

Gharama ya lori kusubiri ilikatwa kwenye ujira wangu. Mnunuzi akaagiza vitunguu kwingine, na bosi wangu hakumpata tena.

Nilipovirudia vitenzi nilikuta makosa mengine. Sai, anatoka, ni silabi moja. Saí, nilitoka, ni mbili na mkazo uko mwisho. Vyote nilikuwa nikivitamka SA-i, kwa mazoea ya kuipa kila irabu silabi yake na kukaza ya pili kutoka mwisho. Siku hizi nikitaka wakati ujao husema vão chegar, kama wasemaji wengi wanavyosema katika mazungumzo ya kawaida. Ikinilazimu kusema chegarão, nataja na tarehe.