MOMBASA: MTAA UNAOUZA MANENO

Wiki hii funga mkanda, tunavuka mpaka kwenda Mombasa. Hatuendi kuogelea Nyali wala kupiga picha pale Mapembeni. Tunakwenda kwenye mtaa mmoja wenye maduka yaliyobanana kama abiria wa daladala saa kumi na moja jioni. Unaitwa Mtaa wa Biashara.

Kisa chenyewe kinaanzia Sinza. Kuna mshikaji wangu kafungua duka la nguo, bonge la duka, vioo mbele na spika mlangoni zinaunguruma tangu asubuhi. Wateja? Wanapita, wanatikisa kichwa kufuata muziki, wanakwenda zao! Kodi ya miezi sita inakaribia kwisha na mwenye nyumba kashaanza kukohoa mlangoni. Jamaa aliposikia nakwenda Mombasa akaniambia, "Kaka, wale watu wanauza kitambaa kilekile tangu enzi za mabibi zetu. Hebu niangalizie wanafanyaje."

Basi nikadandia basi alfajiri. Chalinze, Segera, Tanga, Horohoro, tukagonga mihuri, tukatokea Lunga Lunga. Jioni nikavuka Likoni kwa feri, nimechoka ile mbaya. Kulipokucha nikashika Barabara ya Digo, nikakata kuingia Mtaa wa Biashara.

Aisee, rangi! Kanga zimening'inizwa kuanzia juu ya mlango hadi usawa wa magoti. Kule wenyewe wanaziita leso. Nikaingia duka la kwanza nikijua nitaulizwa nina shilingi ngapi. Mzee wa duka akanitazama, akasema taratibu, "Karibu babangu. Watafuta leso ya jina gani?"

Nikabaki nimeduwaa. Jina?

Kumbe kanga ina sehemu tatu. Kuna pindo, ule ukingo unaozunguka pande zote. Kuna mji, pale katikati. Halafu kuna jina, yaani yale maneno. Unaweza kuwa na rangi bomba na pamba safi, lakini jina likipooza, doti zako zitalala rafuni mpaka zishike vumbi.

Wakati nazubaa wakaingia akina dada wawili. Mmoja akachambua, akachambua, akafika kwenye moja iliyoandikwa "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake." Alicheka mpaka akajishikilia kwenye meza. "Shoga, hii ya yule jirani yangu! Nifungie doti mbili, moja ya kuvaa, moja ya kuanika!"

Hapo ndipo nilipoamka. Yule dada kalipa hela yake, halafu anakwenda kumfanyia mwenye duka kazi ya bure. Akipita mtaani, walio nyuma yake watasoma. Jirani atanuna, mashoga watacheka, na kila mmoja atauliza, "Umeipata wapi?" Hakuna spika inayoweza kufanya hivyo.

Na si mambo ya jana haya. Inasimuliwa kwamba mwishoni mwa karne ya 19 wanawake wa Zanzibar walichoka kununua leso mojamoja. Wakawa wananunua sita zikiwa bado hazijakatwa, wanagawanya tatu kwa tatu, wanaziunga ubavuni na kupata nguo moja pana. Wafanyabiashara hawakuwacheka. Walitazama mteja anafanya nini na mali yao, wakaagiza vitambaa vipana vilivyochapwa tayari. Kwa maneno mengine, mteja ndiye aliyebuni, muuzaji akawa na akili ya kusikiliza.

Halafu akaja Kaderdina Hajee Essak, mfanyabiashara wa hapohapo Mombasa ambaye watu walimzoea kwa jina la Abdulla. Duka la ukoo huo linahesabu miaka yake tangu 1887. Inasemekana ndiye aliyeanzisha mtindo wa kutia methali na misemo kwenye kanga, mwanzoni mwa karne ya 20. Kwanza yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye zikaja hizi tunazosoma sisi. Na pembeni akapiga chapa yake: "K.H.E. – Mali ya Abdulla". Umeona ujanja? Maneno ya mwanamke yanatembea mji mzima, na jina la muuzaji limepanda mgongoni humohumo, bila nauli!

Wenye biashara hii pia hawalali. Barack Obama aliposhinda urais wa Marekani mwaka 2008, zilitoka kanga zenye sura yake na salamu za hongera. Watu wanapokuwa na jambo mdomoni, kanga inawahi kuwapa pa kuliandika.

Lakini ngoja, usikimbilie kuchapa maneno. Mdomo unaokujenga ndio huohuo unaokubomoa. Mama yangu aliwahi kuuziwa doti moja ya "Wema hauozi" kwenye duka moja hapa Dar, silitaji. Kufua mara ya kwanza tu, rangi yote ikahamia kwenye mashuka meupe ya wageni. Miaka imepita, lakini kila kwenye harusi na kitchen party Mama anaihadithia upya, na kila mwaka mashuka yanaongezeka! Wanaomsikiliza wameshayasahau maneno ya kanga. Jina la duka hawajalisahau hata mmoja.

Nilirudi na doti tatu begani, nikamkuta mshikaji amekaa peke yake na muziki wake. Nikampa habari yote. Nikamwambia, "Kaka, mtu akitoka hapa kwako anakwenda kusimulia nini? Kwamba una spika kubwa?" Akanyamaza. Kisha akaenda kuzima muziki.

Mara akaingia binti mmoja, akagusa suruali, akaguna kwamba kiuno kinapwaya na hajui fundi wa karibu. Siku nyingine jamaa angemwambia, "Haina kurudisha, dada." Safari hii akamvuta jirani yake, fundi cherehani wa kibarazani, suruali ikabanwa palepale, bure. Binti akatoka anajitazama kwenye kioo cha duka. Hajafika kona, simu iko sikioni: "Shoga, uko wapi? Njoo Sinza!"

Sisemi kodi imepatikana. Bado wiki tatu, na mwenye nyumba hataki methali. Ila juzi nilipopita nilikuta mabinti wanne wanamsubiri fundi, na spika zimegeuzwa kuwa viti.

Tukutane wiki ijayo.